Rambo wa 1982 na Rambo wa 1985: Je, Sehemu ya Pili Yaifikia ya Kwanza?

Miongoni mwa maswali yaulizwayo sana na watazamaji wa sinema ni hili: je, sehemu ya pili ya filamu yaifikia ile iliyoitangulia? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa haraka. Mmoja husema ya kwanza haina kifani, na mwingine husema ya pili ina vishindo zaidi, na mazungumzo huishia hapo. Kusudi la makala haya ni kulichunguza swali hilo kwa njia ya historia, kwa kutumia mfano mmoja ujulikanao karibu kila mahali duniani, yaani filamu mbili za mwanzo za Rambo: *First Blood*, iliyotoka Marekani mwezi wa Oktoba 1982, na *Rambo: First Blood Part II*, iliyotoka mwezi wa Mei 1985.

Kabla ya kuanza, yafaa tukubaliane juu ya kipimo. Sisi tuliolelewa katika desturi ya mashairi ya kujibizana tunacho kipimo cha kufaa. Mtunzi amjibupo mwenzake huyachukua mizani na vina vya shairi la kwanza, lakini hasifiwi kwa hayo tu. Husifiwi mpaka ameishika hoja iliyotolewa, akaitengua au akaikamilisha. Anayechukua vina na kuiacha hoja huambiwa kwamba ameimba vizuri, lakini hakujibu. Sehemu ya pili ya filamu nayo ni jibu. Basi tutauliza mambo mawili: filamu ya 1982 ilitoa hoja gani, na ile ya 1985 iliifanyaje hoja hiyo?

I. Kitabu

Hadithi ilianza katika kitabu. David Morrell, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa akifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Iowa, alichapisha riwaya yake *First Blood* mwaka 1972, wakati vita vya Vietnam vingali vikiendelea. Jina la kitabu lina maana ya "damu ya kwanza", na katika Kiingereza msemo huo humwelekea yule aliyetangulia kumjeruhi mwenzake. Kwa hiyo jina lenyewe ni swali la hukumu: ni nani aliyeanza?

Asili ya jina la mhusika nayo yastahili kutajwa mbele ya wasomaji wanaopenda historia ya maneno. Mwandishi ameeleza kwamba alikuwa akisoma habari za mshairi wa Kifaransa Arthur Rimbaud, yule aliyeacha ushairi akafanya biashara Aden na Harar. Siku moja mkewe akaleta nyumbani matofaa ya aina iitwayo Rambo. Sauti ya jina la mshairi na sauti ya jina la tunda zikakutana, na mhusika akapata jina. Tutaona baadaye jinsi jina hilo lilivyosafiri.

Katika riwaya, Rambo ni kijana aliyerudi kutoka vitani, mwenye nywele ndefu na ndevu, apitaye kwa miguu katika mji mdogo wa jimbo la Kentucky. Mkuu wa polisi wa mji, Wilfred Teasle, anamfukuza. Rambo anarudi. Teasle naye ni askari wa zamani, shujaa wa vita vya Korea, na mwandishi anatupa mawazo ya wote wawili kwa zamu, hata tusiweze kumchukia mmoja kwa moyo mweupe. Mwishoni wote wawili wanakufa, na anayemmaliza Rambo ni Trautman, mkuu wa jeshi lile lile lililomfundisha kuua. Hoja ya kitabu ni kali: taifa limemtengeneza mtu kwa ajili ya vita, halikumpa njia ya kurudi, kisha limelazimika kukivunja chombo lilichokiunda.

II. Filamu ya 1982

Filamu iliongozwa na Ted Kotcheff, na Sylvester Stallone akaigiza Rambo. Picha zilipigwa katika mji wa Hope, jimbo la British Columbia nchini Kanada, ingawa katika hadithi mji huo umewekwa Marekani. Jina la mji lina maana ya "tumaini", na twaona kejeli yake mara moja, kwani mgeni haruhusiwi kukaa humo hata kwa muda wa kula chakula.

Mwanzo wa filamu ni mtulivu kuliko walivyo wengi wanavyoukumbuka. Rambo anatembea barabarani na begi lake, anakwenda kumtafuta mwenzake wa mwisho aliyebaki hai katika kikosi chao. Anamkuta mama wa nyumba ile akianika nguo, naye anamwambia kwamba mwenzake amekwisha kufa kwa saratani, kwa sababu ya dawa ya sumu iliyomwagwa na majeshi ya Marekani juu ya misitu ya Vietnam. Yote yafuatayo yanatoka katika dakika hizo chache. Mtu huyu hana tena hata mmoja duniani wa kumwambia, "Unakumbuka?"

Kisha Teasle anamchukua kwa gari, anamvusha daraja na kumwacha nje ya mji. Rambo anageuka na kurudi. Anakamatwa, anapigwa, anamwagiwa maji kwa nguvu, na askari wanapotaka kumnyoa bila maji anauona upya wembe wa watesi wake wa Vietnam. Anatoroka na kukimbilia mlimani. Huko anawajeruhi waliomfuata mmoja mmoja, lakini hawaui. Katika filamu nzima anakufa mtu mmoja tu, askari wa polisi aliyekuwa akimpiga risasi kutoka katika helikopta kinyume cha amri, akaanguka. Jambo hili hushangaza watu kila lisemwapo, kwa maana kumbukumbu ya wengi imeijaza filamu hiyo maiti ambazo hazimo.

Mwisho wake ni maneno. Rambo aliyenyamaza karibu saa moja na nusu anaketi sakafuni mbele ya Trautman, analia, na kusema yaliyomkaa rohoni: rafiki aliyeraruliwa kwa bomu lililofichwa katika sanduku la mtoto wa kung'arisha viatu huko Saigon, vyombo vya thamani ya mamilioni alivyokabidhiwa vitani, na kazi ya kuegesha magari ambayo nyumbani hakuweza kudumu nayo. Hapo hoja inatajwa waziwazi. Rambo haombi ushindi. Anaomba mahali pa kuishi.

Wakati nao ulisaidia hoja hiyo isikike. Marekani ilikuwa imepoteza askari zaidi ya 58,000 katika vita hivyo. Wiki tatu tu baada ya filamu kutoka, tarehe 13 Novemba 1982, ulizinduliwa huko Washington ukuta wa mawe meusi wenye majina ya waliokufa. Taifa lililokuwa limenyamaza kwa miaka saba tangu Saigon ilipoanguka lilianza kutafuta namna ya kuwatazama waliorudi.

III. Mwisho uliogeuzwa

Hapa historia yatufikisha penye kiini cha swali letu. Kotcheff alipiga picha za mwisho unaokaribiana na ule wa kitabu: Rambo anamshikisha Trautman bastola na kujiua kwa mkono wa mkubwa wake. Filamu ikaonyeshwa kwa majaribio, na watazamaji hawakukubali. Walikuwa wamemhurumia mtu yule muda wote, na sasa hawakutaka kumwona akifa. Mwisho mwingine uliokuwa umekwisha kupigwa ukawekwa badala yake: Rambo anafungwa pingu na kutoka nje akiwa hai. Inafaa kukumbuka kwamba Kirk Douglas, aliyechaguliwa kwanza kuwa Trautman, aliiacha kazi hiyo kwa sababu alitaka Rambo afe. Nafasi yake ikachukuliwa na Richard Crenna.

Kuna wasemao kwamba sehemu ya pili ilizaliwa kwa tamaa ya fedha. Fedha ilikuwako, na hakuna haja ya kuikana: filamu ya kwanza ilipata takriban dola milioni 47 katika Marekani peke yake. Lakini mlango ulifunguliwa na huruma ya watazamaji wenyewe. Maadamu Rambo alibaki hai, hoja yake nayo ilibaki bila kujibiwa. Mtu huyu ataishi wapi? Filamu yoyote ya kufuata ilikuwa na deni la kulijibu swali hilo.

Kwa hiyo si haki kumlinganisha Rambo wa pili na Rambo wa kwanza kana kwamba huyo wa kwanza alikuwa asili isiyoguswa. Filamu ya 1982 nayo ilikuwa jibu kwa kitabu cha 1972, na katika kujibu ilipunguza. Ilimwondolea Teasle utu wake mwingi, ikamwosha Rambo mikono yake yenye damu, ikampa uhai alionyimwa na mwandishi. Lakini hoja iliishika, na hapo ndipo inapotofautiana na ile iliyoifuata.

IV. Filamu ya 1985

Sehemu ya pili iliongozwa na George P. Cosmatos, na muswada wake uliandikwa na James Cameron na Stallone. Inaanza gerezani, Rambo akivunja mawe. Trautman anamletea habari: atatolewa akikubali kurudi Vietnam kutafuta wafungwa wa Kimarekani wanaodhaniwa kuwa bado wamefichwa huko. Rambo anauliza swali moja, kwamba je, safari hii wataachwa washinde?

Msomaji aangalie vema swali hilo. Mwaka 1982 mtu huyu alitaka mahali pa kuishi. Mwaka 1985 anataka kushinda. Hoja imebadilishwa mlangoni, kabla safari haijaanza. Hakika mtu aweza kutamani yote mawili, na katika kilio chake cha kwanza Rambo alikwisha kulalamika kwamba hawakuachwa washinde. Lakini lililokuwa tawi limefanywa shina.

Tusiache kutaja mema yake. Kama kazi ya picha, filamu ya pili imeipita ya kwanza kwa mambo kadhaa. Mpiga picha wake alikuwa Jack Cardiff, bingwa wa Kiingereza ambaye miaka mingi kabla alipiga picha za *The African Queen* katika Kongo na Uganda, na misitu ya Mexico, iliyotumiwa badala ya Vietnam, ilipata kwake rangi na kina. Mwendo wa hadithi hauna kigugumizi. Yule askari wa adui asimamaye mbele ya ukuta wa matope, na ukuta ule ukafumbua macho na kugeuka kuwa Rambo, ni picha isiyosahaulika upesi. Muziki wa Jerry Goldsmith uliendelezwa kwa ustadi. Mambo hayo ndiyo vina na mizani vya shairi la kwanza: kisu, msitu, maumivu ya mateso, mkubwa wa kazi aliye kama baba. Vyote vimetunzwa, na vingine vimenolewa.

Wala haikosi mbegu ya hoja ya zamani. Rambo anaamriwa kupiga picha tu, asimguse mfungwa yeyote. Anapomleta mmoja mpaka mahali pa kupandia helikopta, Murdock, afisa wa serikali, anaiamuru irudi na kumwacha mikononi mwa adui, kwa sababu safari yenyewe ilipangwa ishindwe. Usaliti huo wafanana na kule kuvushwa daraja. Tofauti ni kwamba mwaka 1982 aliyemfukuza Rambo alikuwa jirani wa kawaida, mkuu wa polisi aliyependwa na mji wake, na mtazamaji aliweza kujiuliza kama yeye mwenyewe angefanya vingine. Mwaka 1985 lawama imekusanywa juu ya karani mmoja mwenye mashine zake. Mtazamaji ametolewa kizimbani, akapewa kiti cha starehe.

Maiti nazo zaongezeka kutoka moja hadi makumi. Watu wa Vietnam, ambao katika filamu ya kwanza hawakuonekana ila katika majinamizi, sasa wanaonekana, lakini ili wapigwe risasi. Mmoja tu amepewa sura na sauti, naye ni Co, mwanamke anayemwongoza Rambo. Anaomba apelekwe Marekani, na muda mfupi baadaye anauawa. Katika vita ambavyo wafu wa Vietnam wanakadiriwa kwa mamilioni, huo ndio ukumbusho wote waliopewa.

Mwishoni Rambo anarudi na wafungwa, anazivunja mashine za Murdock kwa rashasha, na kumwambia Trautman kwamba askari wataka nchi yao iwapende kama wao walivyoipenda. Maneno hayo yana uzito. Lakini Trautman anapomuuliza ataishi vipi, Rambo anajibu kwamba ataishi siku kwa siku, kisha anakwenda zake. Swali la mahali pa kuishi limetajwa na kupitwa.

V. Vita vilivyoshindwa na sinema

Kwa nini jibu lisilojibu lilipendwa kuliko swali? Filamu ya pili ilipata takriban dola milioni 150 katika Marekani na karibu milioni 300 duniani kote. Sababu moja imo katika imani ya wakati ule. Baada ya mapatano ya Paris ya Januari 1973, wafungwa 591 wa Kimarekani walirudishwa, lakini watu wapatao 2,500 walihesabiwa kuwa hawakurudi wala hawakuonekana. Jamaa zao walikuwa na majonzi ya kweli, na wengi waliamini kwamba baadhi yao wangali hai. Filamu iliyafanya majonzi hayo kuwa picha. Januari 1993 kamati maalumu ya Baraza la Seneti ilitoa taarifa yake baada ya uchunguzi mrefu, ikasema haukupatikana ushahidi wa nguvu kwamba yuko Mmarekani aliye hai kifungoni katika nchi zile. Basi Rambo wa pili aliwakomboa watu ambao, kwa kadiri ya ushahidi huo, hawakuwako.

Siasa nayo haikukawia kumchukua. Tarehe 30 Juni 1985, mateka 39 wa Kimarekani walipoachiwa huko Beirut, Rais Ronald Reagan alisikika akisema kwa mzaha kwamba, baada ya kumtazama Rambo usiku uliopita, sasa ajua la kufanya mara nyingine. Mwaka 1986 Rambo akafanywa mchezo wa katuni wa televisheni kwa watoto. Mtu aliyetoka katika kitabu cha kuwaonya watu wazima amekuwa mwanasesere wa wana wao. Morrell mwenyewe alikubali kuandika kitabu cha hadithi ya filamu ya pili, ikambidi aeleze mwanzoni kwamba katika riwaya yake Rambo alikufa, na katika filamu anaishi.

VI. Ushahidi wa nchi nyingine na wa lugha

Huenda msomaji akasema kwamba hukumu hii ni ya wasomi, na kwamba watu wa kawaida hawatofautishi filamu hizi. Ushahidi wa Sierra Leone wakataa. Vita vilivyoanza huko Machi 1991 vilichunguzwa na Paul Richards katika kitabu chake cha mwaka 1996 juu ya vijana na msitu, naye alionyesha kwamba *First Blood* ilikuwa na maana kubwa kwa vijana wapiganaji. Waliona ndani yake kijana aliyefukuzwa mjini na wenye mamlaka, asiye na kitu ila akili yake na msitu. Maelfu ya maili kutoka Kentucky, katika mazingira ya kutisha, watu hao waliisoma hoja ya kwanza sawasawa: kijana asiyepewa mahali katika mji ataurudia mji kwa moto. Yaliyotendwa katika vita vile hayana udhuru. Lakini usomaji wao ulikuwa sahihi, na sehemu ya pili isingaliweza kuwafundisha hayo.

Lugha yetu yatoa ushahidi wa upande mwingine. Katika Kiswahili cha mitaani, kumwambia mtu asijifanye Rambo ni kumwonya asivamie peke yake jambo linalohitaji watu wengi. Hakuna atumiaye neno hilo kwa maana ya mtu aliyerudi nyumbani akafungiwa mlango. Kwa maneno mengine, jina lililoingia katika Kiswahili ni la mwaka 1985. Tena Tanzania Bara jina hilo lilishuka kutoka kwenye nyumba za sinema na mabanda ya video hadi sokoni, na mfuko wa plastiki ukaitwa mfuko wa rambo, mpaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Jina lililoanzia katika tofaa likaishia kuwa chombo cha kubebea matofaa. Maneno husafiri hivyo, nayo hayaulizi kwanza hoja ya mtunzi ilikuwa ipi.

VII. Hukumu

Je, sehemu ya pili yaifikia ya kwanza? Kwa ufundi wa kutisha na kufurahisha, yaifikia na pengine kuipita. Kwa hoja, haiifikii, na sababu si kwamba waliotengeneza walikosa uwezo. Cameron huyo huyo alionyesha katika *Aliens* ya mwaka 1986 kwamba mwendelezo waweza kuongeza silaha na bado ukaishika hoja, kwani hofu ya mwanamke yule yule wa filamu ya kwanza ndiyo iliyobebwa mpaka mwisho. Rambo wa pili alishindwa kwa sababu alilipa deni jingine. Askari aliomba nyumba, naye akapewa ushindi, na ushindi wenyewe ukawa wa kuigiza.

Filamu nyingine zilifuata. Ile ya 1988 ilimpeleka Afghanistan, ikatoka siku chache tu baada ya majeshi ya Kisovieti kuanza kuondoka huko. Mwaka 2008, katika filamu aliyoiongoza Stallone mwenyewe, baada ya damu nyingi iliyomwagika Burma, zipo dakika chache za mwisho ambazo mwanafunzi wa habari hizi hapaswi kuzipita. Rambo anatembea barabarani na begi lake, kama alivyotembea mwanzo kabisa. Anafika penye sanduku la barua lenye jina la ukoo wake, anaitazama nyumba ya baba yake huko Arizona, na anaishika njia iendayo mlangoni. Hapigi mtu, wala hasemi neno. Hoja iliyotolewa mwaka 1982 ilijibiwa hapo, baada ya miaka 26.